Kibali cha mwanafunzi Ujerumani kinaisha tarehe 14, apointimenti hakuna, na harusi ya mdogo wangu iko Moshi. Nifanyeje?

binti_kibosho

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa mlioko Ujerumani au mliowahi kusoma huko, maana usingizi sipati.

Niko mwaka wa pili wa masta, mji wa kawaida tu upande wa mashariki, sitautaja. Kibali changu kinaisha tarehe 14 mwezi ujao. Nimeanza kutafuta apointimenti ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, wiki sita zilizopita, kila nikifungua kalenda yao onlaini hakuna nafasi hata moja, nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimejaribu saa sita usiku, wapi. Imeili nimetuma mbili, nilichopata ni yale majibu ya kompyuta kwamba ujumbe umefika na tusitume tena. Nikaenda kwa miguu yangu, mlinzi akanisimamisha mlangoni, bila apointimenti huingii.

Sasa mambo ni matatu. Ikifika tarehe 15 sina kadi mpya ya kibali, nakuwa naishi hapa kinyume cha sheria? La pili hela. Kwenye Sperrkonto, ile akaunti maalumu ya kuwaonyesha kwamba una hela za kujikimu, nimebakiwa na euro 3,100 tu, baba ndiye alikuwa anaongezea ila biashara yake ya vipuri imeyumba toka mwaka jana na siwezi kumpigia simu nimwambie atafute shilingi milioni thelathini na kitu. Wikendi nafanya kazi bohari ya vifurushi, inaingia kama euro 700 kwa mwezi. La tatu, mdogo wangu anaolewa Moshi tarehe 28 mwezi huohuo, tiketi nilishakata, sare mama keshashona.

Naombeni aliyepitia mwenyewe anijibu, yale ya "nilisikia kwa jamaa" yameshanichanganya vya kutosha.

mkongwe_wa_saale

Binti pole sana, ila tulia, hujachelewa. Nina mwaka wa tisa huku na hiyo kadi nimeirenyu mara nne, nakueleza ninachokijua.

Kinachokuokoa ni OMBI, apointimenti na kadi vinafuata baadaye. Watu wengi hapo ndipo wanapopotea, wanakaa wanasubiri kalenda ifunguke mpaka tarehe inapita mikononi mwao. Sheria yao ya ukaazi kifungu cha 81 ibara ya 4 inasema ukiomba kuongezewa kabla kibali hakijaisha, basi kibali cha zamani kinahesabika kinaendelea mpaka ofisi itoe uamuzi, na ruhusa yako ya kufanya kazi inaendelea nacho. Kwa hiyo leo, sio kesho, chukua fomu ya kuongeza muda kwenye tovuti yao, jaza, weka kopi ya pasipoti, kopi ya kadi mbele na nyuma, cheti cha usajili wa chuo cha muhula huu, matokeo yako mpaka sasa, barua ya bima, mkataba wa nyumba, na hela. Kama kuna karatasi haijapatikana usiisubiri, andika kwenye barua kwamba itafuata. Kisha peleka kwa njia mbili, moja mtandaoni kwao (piga skrinishoti ya ule ukurasa wa mwisho wenye tarehe na saa), nyingine posta kwa Einschreiben, ile barua ya rejista, na risiti ya posta uitunze kama pasipoti. Mimi risiti yangu ya mwaka 2021 ninayo mpaka leo.

Ndani ya barua andika sentensi moja ya kuomba Fiktionsbescheinigung kwa § 81 Abs. 4. Ndiyo karatasi inayoonyesha kwamba kibali chako bado kipo hai wakati wanafikiria. Wasipoiona imeombwa wengi hawaitoi wenyewe.

Hela sasa. Kiwango cha hela za kujikimu wanachotaka toka Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, ndiyo ile 11,904 kwa mwaka. Ila hakuna mahali sheria inasema lazima zote ziwe Sperrkonto, mshahara wa kazi halali unahesabika, ufadhili unahesabika, hata mtu anayeishi huku akikusainia Verpflichtungserklärung kwamba atakubeba. Tupige hesabu yako: 700 mara 12 ni 8,400, ongeza 3,100 unapata 11,500. Unapungukiwa na 404 kwa mwaka mzima mdogo wangu! Sio milioni thelathini. Muache mzee apumzike. Peleka mkataba wa kazi, slipu za mishahara za miezi mitatu, na taarifa ya benki. Ila hiyo 700 ni inayoingia mkononi au kabla ya makato? Wao wanaangalia inayoingia.

Na hesabu siku zako. Toka Machi 2024 mwanafunzi ana siku 140 nzima kwa mwaka au 280 za nusu siku, nusu siku mwisho saa nne za kazi. Shifti mbili kila wikendi ni siku 104, uko salama.

mvita_juu

Dadangu, huyo mkongwe amekupa kila kitu, mimi naongezea mawili manake yalinigusa.

Kuna watu watakuja inboksi kukwambia "nakuwekea hizo pesa kwa akaunti siku mbili, uprinti statimenti, unirudishie na kitu kidogo". Tafadhali usikubali hata kama ni mtu wa kwenu kabisa. Kutoa habari za uongo ili upate kibali ni kosa la jinai hapa, kifungu cha 95, mpaka miaka mitatu jela au faini. Nimeshuhudia rafiki yangu wa karibu, kijana mwenye akili sana, alikuwa amebakisha thesisi pekee, ofisa akamuitisha statimenti ya miezi sita badala ya mwezi mmoja na hadithi ikaishia hapo. Mpaka wa leo naumia nikimkumbuka, na aliyempa zile pesa hata simu yake hakushika.

La pili ni safari. USITOKE Ujerumani kadi ikiwa imekwisha na ile karatasi huna mkononi. Ombi kutumwa latosha kukaa na kufanya kazi, lakini ukishavuka mpaka, ofisa wa uwanja wa ndege hajui habari ya risiti yako ya posta. Ukipewa hiyo Fiktionsbescheinigung, Fiktion kwa kifupi, ifungue hapo hapo dirishani uitazame, ina viboksi vitatu, wewe wataka cha tatu, kile cha ibara ya 4. Hicho chakuruhusu kwenda na kurudi. Ukiona wamekutilia alama ile ya ibara ya 3 basi kurudi huwezi bila viza mpya, waambie warekebishe kabla hujaondoka pale.

Na pasipoti yako yaisha lini? Kibali hawakupi kirefu kuliko pasipoti. Mimi nilipewa miezi saba tu kwa sababu hio, ikabidi nende Berlin ubalozini kisha nianze upya na kulipa upya.

kaka_wa_uyole

Mimi nilichelewa siku tisa, nasema hapa ili usifike huko. Nililazwa, nikatoka, nikasahau kabisa. Nilipoomba walinipokea maana sheria inawaruhusu kumsikiliza aliyechelewa kidogo kama kumkatalia kutamuumiza kupita kiasi, nikapeleka barua ya hospitali. Lakini bosi aliniondoa kwenye ratiba mpaka nilete karatasi, karibu mwezi na nusu bila mshahara, kodi ya nyumba nililipiwa na Mkongo tuliyekuwa tunaishi naye jengo moja, Mungu ambariki popote alipo.

Halafu picha, siku hizi za karatasi hawapokei, toka Mei 2025 ni za kidijitali, ama upige kwenye mashine ya ofisini ama studio iliyosajiliwa wakupe ile code ya kuskani. Yale maduka ya dm ya vipodozi wanapiga.

binti_kibosho

Jamani sijui niwashukuruje, nimesoma huku nalia. 700 ni inayoingia mkononi. Pasipoti ina miaka mitano. Swali moja tu, mimi nimechelewa muhula mmoja sababu ya kubadilisha mada ya thesisi, hilo litanikwamisha?

mkongwe_wa_saale

Muhula mmoja hapana. Wanachotazama ni kama masomo bado yanaweza kumalizika ndani ya muda wa maana, na wanaweza kuuliza chuo. Usiwaache waulize, tangulia wewe. Muombe msimamizi wako aya moja yenye muhuri, mada ni hii, anatarajia kumaliza mwezi fulani. Maprofesa wengi wanaandika siku hiyohiyo ukiwaeleza ni ya nini. Na usikimbilie kusema unamaliza mapema kuliko ukweli ili uonekane una bidii, wakikupa muda mfupi utarudi kwenye foleni ileile katikati ya kuandika.

binti_kibosho

Mrejesho wakuu, nimeona si vizuri kunyamaza baada ya kusaidiwa.

Nilituma usiku uleule mtandaoni na asubuhi posta. Siku ya kumi na moja ikaja barua yenye tarehe ya kwenda, tarehe 12, siku mbili kabla ya kuisha! Msimamizi alishaandika ile barua, na kazini nilimweleza kiongozi wa zamu hali yangu akaniongezea saa kwenye mkataba, sasa itaingia kama 760, kwa hiyo ile 404 imefunikwa. Mama wa dirishani alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia, alipitia slipu moja moja, hakuuliza habari za Sperrkonto zaidi ya salio. Kadi itachukua wiki sita hivi maana zinachapishwa Berlin, ada euro 93. Nikamuomba Fiktion, 13 nyingine, nikaifungua palepale kama mvita_juu alivyosema. Kiboksi cha tatu.

Nasafiri tarehe 24, nashukia KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kupitia Addis, kurudi nashukia Frankfurt. Nimepiga simu nyumbani, mdogo wangu alipokea akapiga kelele mpaka mama akadhani kuna msiba.

mvita_juu

Alhamdulillah dadangu, umenifurahisha sana. Kadi ya zamani usiitupe wala usiiache nyumbani, Fiktion pekee haitoshi, yasomwa pamoja na kadi iliyoisha na pasipoti. Na kwa kaunta ya KIA fika mapema, masaa matatu manne, manake wengi pale hio karatasi hawajaiona, wataitazama kwa taa, watampigia mkubwa wao. Mpe muda apige simu yake.