Wakuu, humerasi (mfupa wa mkono toka bega hadi kiwiko) ya kulia na ya kushoto mnatofautishaje?

Kijana wa Mbagala: Wakuu habari za jioni, wiki ijayo tuna mtihani wa vitendo wa anatomia na humerasi bado inanichenga, nikiikuta mezani sijui ya kulia au kushoto. Radiasi na alna, ile miwili ya toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, ndo kabisaa. Fuvu sijagusa. Msaada jamani

Fundi Mifupa: Mbona simpo mkuu. Kichwa cha mviringo kikae juu, alafu kule kwenye kiwiko kuna shimo moja kubwa kuliko mengine, hilo liangalie nyuma, yaani kwako wewe, ndo ncha ya alna inapoingia ukinyoosha mkono. Kichwa siku zote kinaelekea katikati ya mwili, so kikiangalia kushoto kwako huo ni wa kulia. Shimo likiwa mbele umeliwa.

Da Mwajuma wa Tabata: Alna ina mdomo kama spana upande wa kiwiko, radiasi juu ina kiduara kidogo halafu inapanuka kwenye kifundo upande wa dole gumba. Kwa fuvu usiache pterioni mdogo wangu, wanaipenda hao! Ipo kwenye panja, inakutanisha mifupa minne ya fuvu: frontali, parietali, temporali na sfenoidi, mfupa mwembamba na kwa ndani inapita ateri, ndo maana mtu wa boda asiye na helmeti akigonga hapo damu inaweza kuvia ndani.

Kijana wa Mbagala: Nimewapata, asanteni sana. Na vile vimifupa 8 vya kifundo cha mkono mnavikaririje?

Fundi Mifupa: Hivyo anzisha uzi mwingine 😂