Namzidi jirani kwa kila kitu, nigawane naye kazi ya nini?

CherehaniMoro
Wadau, habari za kazi. Nashona sare za shule hapa Morogoro, na Januari inabisha hodi. Fremu ya pili kuna dada kaanza kushona mwaka jana. Anaomba tugawane: yeye ashone sketi, mimi mashati, kisha tubadilishane. Kila mtu ana wateja wake, wote wanataka seti kamili.

Nimempima kwa saa ya ukutani. Mimi shati saa 1, sketi ya marinda saa 1. Yeye shati linamla saa 3, kola inamtesa sana; sketi saa 1 na nusu. Hata sketi nampita! Mume wangu anasema nitambeba bure. Nampenda huyu dada, ila nina ada za watoto, siwezi kugawa riziki kwa huruma. Nisaidieni.

MhesabuMsamvu
Dada, kasi weka pembeni kwanza. Angalia kila mmoja anaacha nini. Ukishona sketi moja, umeacha shati zima. Yeye akishona sketi moja, kaacha nusu shati. Kwa hiyo sketi yake ni nafuu kuliko yako, japo mkono wako ni mwepesi.

Chukua wiki ya saa 54. Kila mtu kivyake: wewe seti 27, yeye 12, jumla 39. Mkigawana, yeye anatoa sketi 36, wewe mashati 45 na sketi 9. Hizo ni seti 45, na hakuna aliyeongeza hata dakika. Mpe mashati 14, akupe sketi 21: unabaki na seti 30 na shati la ziada, yeye seti 14 na sketi ya ziada.

David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, aliionyesha hesabu hii mwaka 1817. Katika mfano wake, Ureno ilihitaji kazi ya watu 90 kwa mwaka kutengeneza kitambaa na 80 kutengeneza divai. Uingereza 100 na 120. Ureno iliongoza kote, na bado ilifaidika kuuza divai na kununua kitambaa.

BibiUzi
Hesabu sina ugomvi nayo. Vita iko kwenye kubadilishana. Shati kwa sketi moja, wewe hupati kitu; shati kwa sketi mbili, yeye hapati kitu. Kaeni katikati, mkubaliane kabla kitambaa hakijakatwa.

Linaloniuma ni hili: akishona sketi tu, kola ataijua lini? Mimi nilikaa miaka 4 kwa fundi mmoja nikipiga vifungo, nikatoka sijui kukata suruali. Mwanangu, usimfanyie hivyo.

CherehaniMoro
Shikamoo Bibi, nimekusikia. Nimeirudia hesabu kwa chaki juu ya meza ya kukatia, imetoka hivyohivyo. Nilikuwa sioni kwamba kila sketi niliyoshona ilikula shati langu. Tumekubaliana mashati 2 kwa sketi 3, na Jumamosi jioni, kazi za wateja zikiisha, anakuja kwangu tushone kola.