Tupeane uzoefu: kuzunguka Ziwa Victoria kwa gari

Wakuu, salaam. Nawaomba waliowahi kuzunguka Ziwa Victoria kwa barabara, iwe kipande kimoja au nchi zote tatu, waje hapa waeleze walichokiona. Nauli na ratiba za mabasi tuziache kwanza. Nataka zile sehemu ulizosimamisha gari bila kuambiwa na mtu, kwa sababu macho yalikataa kupita.

Naanza mimi. Njia yangu ni Mwanza–Musoma, na kila anayeniuliza humwambia jambo moja: ukifuata lami peke yake, ziwa utalikosa. Ni ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini barabara kuu inapita ndani, na kuanzia Kisesa hadi Bunda utaliona kwa vipande tu upande wa kushoto. Lazima uchepuke. Kila mwalo, pale wavuvi wanapopandisha samaki, una kinjia chake cha vumbi, nawe ukishuka nacho utakuta dagaa wameanikwa mchangani, mitumbwi imepandishwa, wanawake wanageuza samaki kabla jua halijawa kali. Muda bora ni asubuhi, wavuvi wa dagaa wakiwa wametoka majini. Na upange safari wakati hakuna mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa wengi hawaingii ziwani. Usiku wa giza, ukiwa Musoma au juu ya vilima vya Mwanza, taa zao zinajaa hadi mwisho wa macho. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho kanda hii nzima.

Kipande cha pili ninachokipenda ni baada ya Lamadi, pale lango la Ndabaka. Serengeti inakuja mpaka barabarani upande wa kulia, na kushoto ni nchi tambarare inayoshuka kwenye ghuba ya Speke. Nyani hukaa pembeni ya lami kama wenye mji. Punguza mwendo, na usiwatupie chakula.

Karibuni.

Binti wa Muleba

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi nizungumzie upande wa magharibi, kwa sababu kwetu Kagera barabara hii haikuanza kama safari ya kutazama mandhari. Wakubwa zetu walikuwa watu wa meli. Unapanda Bukoba au Kemondo jioni, unalala, asubuhi uko Mwanza. Kisha ikaja tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mama yangu mkubwa tangu siku hiyo hajakanyaga meli. Akija Mwanza ni kwa basi, hata ikibidi kuzunguka mchana kutwa. Na wewe kaka unayepita Igoma kwenda Musoma, makaburi ya wale ndugu yapo pale pale Igoma. Simama siku moja.

Kwa hiyo wengi wetu tulilijua ziwa kupitia dirisha la basi na kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi. Foleni ilikuwa mateso. Saa mbili zinapita umekaa kwenye vumbi, na nyuma yenu gari la wagonjwa linasubiri kuvuka kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na sasa unavuka kwa dakika chache. Nasikia watu wakisema wamekumbuka kivuko, upepo wake na samaki wa kukaanga. Mimi hapana. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ile na mama mjamzito hawezi kukitamani tena.

Sasa ushauri. Ukitoka Geita usikimbilie njia ya Biharamulo. Shika ya Chato, Muganza, hadi Kyamyorwa, maana hiyo ndiyo inayokaa karibu na ziwa. Muganza unaweza kupata boti ya kwenda kisiwa cha Rubondo, hifadhi yenye sokwe ambao wazazi wao waliletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa porini. Baada ya hapo nchi inabadilika: migomba, mibuni, mvua isiyo na msimu. Halafu unateremka Bukoba na kisiwa cha Musira kiko mbele yako. Nunua kahawa ya kutafuna, itakushikilia hadi Mutukula, mpakani na Uganda.

Jaduong' wa Homa Bay

Hamjambo majirani. Upande wa Kenya, usiende moja kwa moja Kisumu kupitia Kisii kama wafanyavyo wengi wakitoka mpakani Sirari. Ukifika Rongo kata kushoto uje Homa Bay, kisha Mbita. Hapa ziwa halijifichi kama huko kwenu. Kutoka Mbita unavuka daraja kuingia kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya aliyeuawa mwaka 1969. Kaburi lake lina jumba la kumbukumbu, na wenyeji watakueleza habari zake kwa fahari. Zamani pale Mbita palikuwa na tuta lililojazwa mawe na udongo, likaziba maji kati ya kisiwa na bara. Wavuvi walilalamika miaka mingi. Daraja lilipojengwa maji yakapita tena, na hilo ndilo mimi husimama kulitazama.

Ukipita Kendu Bay, tembelea Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi lililo karibu kabisa na lile kubwa. Wazee husimulia kwamba palikuwa kijiji, watu wakamfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku, maji yakawafunika. Flamingo huja hapo. Na kama hutaki kuzunguka ghuba, Mbita kuna feri ya magari hadi Luanda Kotieno.

Dereva wa Malori

Mazuri yamesemwa, nami niongeze machache. Usioge ziwani ovyo: kichocho kipo, na mamba na viboko wapo sehemu nyingi. Usiendeshe usiku kati ya Magu na Bunda, ng'ombe huvuka bila taarifa. Ukishavuka Makutano kwenda Tarime, punguza mwendo daraja la Kirumi. Mto Mara unaingia ziwani ukipita kwenye mafunjo mengi kuliko unavyoweza kuyamaliza kwa macho. Abiria wangu wote huamka hapo.

Mgeni Kanda ya Ziwa

Shikamooni. Je, Ukerewe gari inafika, au lazima niiache Mwanza?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Inafika. Kutoka Bunda shika njia ya Kisorya, vuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha uendelee Nansio. Ni njia ndefu kuliko meli ya kutoka Mwanza, lakini unakuwa na gari lako kisiwani. Ukipata nafasi nenda hadi Ukara, kuna jiwe linalocheza, na wenyeji watakupeleka.

Dada wa Muleba, Igoma nimekusikia. Nitasimama.

Bado hatujapata mtu wa Uganda. Nani amepita Mutukula, Masaka hadi Jinja, na ziwa huonekana wapi huko?