Daraja la Charles mjini Prague: tuna asubuhi moja tu, tutazame nini?

Msafiri wa Treni:
Wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao nitapita Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, pamoja na mama yangu mzazi, na ratiba imetuachia asubuhi moja tu kabla ya treni ya adhuhuri. Mama ana hamu kubwa ya kuliona Daraja la Charles juu ya mto Vltava, lakini kila ninayemuuliza ananijibu mawili tu: kwamba ni zuri, na kwamba limejaa watu. Naomba waliowahi kufika wanieleze ni kitu gani hasa cha kutazama, tusije tukavuka mita mia tano za mawe na kurudi na picha za migongo ya watalii. Je, zile sanamu ni za kale sawa na daraja lenyewe? Nitaje pia kwamba mama anasumbuliwa na magoti, kwa hiyo ngazi ndefu hatuziwezi.

Mwashi:
Ndugu, nianze na sanamu, kwa kuwa ndizo zinazowapotosha wengi. Hapana, si za wakati mmoja na daraja. Mfalme Charles wa Nne aliweka jiwe la msingi mwaka 1357 na kazi ikakamilika mwanzoni mwa karne ya 15, ilhali sanamu na makundi ya sanamu, ambayo jumla yake ni 30, mengi yaliwekwa kati ya 1683 na 1714. Isitoshe, nyingi unazoziona leo ni nakala, maana zile za asili zimehifadhiwa ndani zisiendelee kuliwa na mvua. Anayepita akiwa amekodolea macho sanamu peke yake amelivuka daraja la karne ya 14 bila kuliona.

Mimi kazi yangu ni uashi, na nilipofika huko nilikaa chini ya daraja muda mrefu kuliko juu yake. Nendeni kwenye kisiwa cha Kampa, upande wa Malá Strana, yaani mtaa ulio ng'ambo ya Mji wa Kale, chini ya ngome. Ipo ngazi ya kushukia kutoka darajani, lakini kwa ajili ya mama tumieni vichochoro vya chini, ambavyo vinafika huko huko bila ngazi hiyo. Ukiwa pale utaona jinsi matao yanavyokaa juu ya nguzo nene za jiwe la mchanga, na ukitazama upande ambao maji yanatokea, utaona magogo yaliyosukwa kama paa zilizoinama mbele ya nguzo. Hayo si mapambo. Ni ya kupasua mapande ya barafu kabla hayajagonga mawe, na sababu yake ni ya kihistoria: daraja lililotangulia, lililoitwa la Judith, lilibomolewa na mafuriko yaliyobeba barafu mwaka 1342, ndiyo maana lililofuata likajengwa juu zaidi ya maji. Hata hivyo mto haukukoma. Mwaka 1890 magogo yaliyosombwa na mafuriko yalijazana kwenye matao mpaka maji yakazuilika kama kwenye bwawa, na matao matatu yakaanguka.

Mkisharudi juu, chunguzeni kuta za pembeni kwa karibu. Mtakuta jiwe jeusi tititi limepakana na jiwe la rangi ya asali, na kiungo kati yao kimenyooka kama kimekatwa kwa kisu. Hayo ya rangi ya asali ni viraka vya ukarabati, pamoja na ule wa kuanzia 2007 hadi 2010, ambao uliwaudhi wahifadhi wengi wa majengo ya kale, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kuudhika. Angalieni pia kwamba daraja halikunyooka: linapinda kidogo, kisha linapinda tena.

Msomaji wa Historia:
Nakubaliana na Mwashi kuhusu mawe, lakini amezionea sanamu. Ile ya Yohane wa Nepomuk ni ya shaba nyeusi, iliwekwa mwaka 1683, na ni miongoni mwa zilizo kongwe zaidi darajani. Padri huyo alitupwa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya Mfalme Wenceslas wa Nne, na ingawa simulizi maarufu hudai kwamba alikataa kufichua maungamo ya malkia, chanzo cha ugomvi kilikuwa mvutano kati ya mfalme na askofu mkuu juu ya cheo cha abati, yaani mkuu wa monasteri. Chini ya sanamu kuna mabamba mawili ya shaba ambayo wageni hushika kwa kutafuta bahati. Sehemu zinazoshikwa zinang'aa kama sarafu mpya, na kwingine kote pamebaki peusi. Mtazameni pia Fransisko Ksaveri, yule mmisionari aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Kundi lake lilizama mtoni katika mafuriko hayo ya 1890, kwa hiyo lililopo ni nakala.

Mwisho, msipite chini ya mnara wa Mji wa Kale bila kugeuka. Uso unaoelekea mjini umejaa michongo, akiwemo Charles mwenyewe, ila uso unaoelekea mtoni ni mtupu, kwa sababu Waswidi walioushambulia mji mwaka 1648 kutoka ng'ambo waliuharibu.

Mpenda Alfajiri:
Kuhusu msongamano, dawa ni moja: fikeni kabla ya saa moja asubuhi. Anzieni Mji wa Kale, ili jua liwe mgongoni na ngome iliyo kilimani iwake mbele yenu.

Mtasimuliwa pia kwamba jiwe la msingi liliwekwa tarehe 9 Julai 1357 saa kumi na moja na dakika 31 alfajiri, ili tarakimu zipande kutoka moja hadi tisa na kushuka tena: 1-3-5-7-9-7-5-3-1. Hesabu hiyo ilitungwa na watafiti wa siku hizi, na kwa sisi tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza, tarakimu zenyewe hazipangiki. Nayo hadithi ya mayai kuchanganywa kwenye chokaa, na watu wa mji wa Velvary kuyapeleka yakiwa yamechemshwa, ichukueni kama kichekesho kizuri.

Msafiri wa Treni:
Nawashukuru sana. Mama amesomewa yote na ameuliza swali moja: ikiwa mnara hatuupandi, kuna chochote kilichosalia cha lile daraja lililobomoka ambacho anaweza kukiona akiwa amesimama chini?

Mwashi:
Shikamoo yake mama, naomba umfikishie. Vipo viwili. Upande wa Malá Strana kuna minara miwili, na ule mfupi ni wa Daraja la Judith. Upande wa Mji wa Kale, simameni kwenye ukingo wa mto karibu kabisa na daraja na mtazame ukutani: mtaona kichwa cha mawe cha mwanamume mwenye ndevu, ambaye Wacheki humwita Bradáč. Alitoka kwenye daraja hilo la zamani, na wakazi walimtumia kupimia mafuriko. Maji yakigusa ndevu zake, waliokaa karibu na mto walianza kufungasha.