Vituo vya kuzamia: visu butu mnavyotupatia vitaua mtu

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Sisi tunaoongoza wageni baharini hapa Unguja tunapewa visu ambavyo havikati hata kamba ya mkonge, na ukilalamika unajibiwa kwamba kisu ni cha akiba tu, nani atakitumia? Mtungi wa hewa unakaguliwa. Regileta, ile ya kuvutia hewa ya mtungi mdomoni, inakaguliwa. Jaketi la kuelea linajazwa hewa kuona kama linavuja. Kisu kinachomekwa kwenye ala, kinafungwa mguuni, basi. Hakuna anayekichomoa kutazama makali.

Juzi mgeni wangu kanasa. Mita 20 chini, jarife kuukuu, wavu ule wa kuvulia papa, limelalia matumbawe, upande mmoja umeshikwa na mwamba na mwingine unacheza na mkondo. Vali ya mtungi wake ikaingia kwenye matundu ya wavu huko mgongoni, asikoweza kufika mwenyewe. Nikachomoa kisu cha kituo. Nakata, nakata, nailoni inateleza tu juu ya kutu. Aliyemtoa ni kijana wa kundi la pili aliyekuwa na mkasi, ule wa kukatia nguo za majeruhi. Tumerudi pwani nikamwekea meneja kisu mezani. Kakitazama, kasema kipakwe mafuta. Kipakwe mafuta!

Kwa wanaosema nakuza mambo, chukueni hesabu. Mtungi wa lita 12 uliobakiwa na shinikizo la baa 50 una hewa lita 600. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20 anatumia 60, kwa sababu shinikizo la huko ni mara tatu. Hizo ni dakika 10, tena kwa mtu aliyetulia. Aliyenaswa hatulii, akihema maradufu anabaki na 5, na humo humo apande na kusimama kidogo mita 5 kwa usalama, kama alivyofundishwa. Sasa niambieni kisu kinachohitaji dakika tatu kwa uzi mmoja kina kazi gani pale.

Wauzaji nao wamo. Unauliza hiki ni chuma gani, unajibiwa "stenlesi", kana kwamba stenlesi ni moja. Ile 304 ya masinki na sufuria inastahimili kutu vizuri, lakini haikazwi kwa moto, kwa hiyo makali yake hayakai. 420 ndiyo iliyojaa kwenye visu vya bei nafuu: inanoleka, inashika makali ya wastani, ila kutu inaipata usipoitunza. 440C ina kaboni nyingi zaidi, makali yake yanadumu, na maji ya chumvi yanaishambulia vibaya ukiisahau. Titani haishiki kutu kabisa na ni nyepesi, lakini makali yake laini yanakufa mapema, kwa hiyo ukiinunua chagua yenye meno. Ipo H1 ya Kijapani, ambayo naitrojeni imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni. Hiyo inavumilia bahari hasa, ila bei yake inauma. Mimi simlaumu mwenye kituo akinunua 420. Namlaumu akiinunua na kuiacha ioze.

Na acheni kununua mapanga! Ubapa wa sentimita 8 hadi 10 unatosha. Uwe na makali laini upande mmoja kwa ajili ya nailoni na mishipi, meno upande wa pili kwa kamba nene. Kwa anayeongoza wageni nataka ncha butu, maana unakata karibu na jaketi na mipira ya hewa ya mtu anayetapatapa. Mkasi uongezwe kwa kila kiongozi, ni bei ndogo na unafanya kazi kwa mkono mmoja. Halafu kisu kisikae nje ya ugoko, huko kinanasa wavu chenyewe. Kikae kiunoni au kifuani, mkono wowote ukifikie.

Kinachonikera zaidi ni jinsi kinavyooshwa. Pipa la maji yasiyo na chumvi lipo, kisu kinatumbukizwa humo kikiwa ndani ya ala, kinatolewa, kinatundikwa. Maji ya chumvi yamebaki ndani! Stenlesi inalindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromu unaojirudishia kwa oksijeni. Ndani ya ala iliyobana, yenye unyevu na chumvi, oksijeni ni haba, utando ukitoboka haurudi, na kutu inachimba vishimo. Kichomoeni. Kisu kioshwe peke yake na ala peke yake, vikauke mbalimbali, kisha kisu kipakwe grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya magari msiilete karibu na mikanda ya mpira, inaiharibu. Na yule anayesugua kutu kwa waya wa chuma wa masufuria aache leo: chembe za ule waya zinabaki juu ya kisu na kuanza kutu upya.

Kunoa si kazi ya fundi wa mjini. Kinoo chenye maji, pembe ya digrii 20 hadi 25 kila upande, mpaka kikate uzi wa nailoni uliolegea bila kuuvuta. Meno yanataka tupa nyembamba ya mviringo, jino kwa jino, kwa upande ule tu uliochongwa.

Ninachodai ni kidogo. Kila asubuhi kabla ya boti kuondoka, kila kisu kikate kipande cha mshipi mbele ya atakayekivaa. Kisichokata kibaki nchi kavu, na kiongozi asiye na cha kukatia asiingie majini na wageni. Wenzangu wa Mafia, Pemba, Watamu na Diani, semeni hapa vituo vyenu vinafanyaje. Na kama kuna duka Dar au Mombasa linaloandika aina ya chuma kwenye kisu, wekeni bei.