Mabanda ya Kakamega kisha ufuo wa ziwa, usiku 3 na watoto: tupange vipi?

Mkaazi_wa_Bondeni
Hamjambo wadau. Tunatoka Nakuru watu 6: wakubwa 4 na watoto 2, wa miaka 7 na 10. Tuna siku 4 na gari dogo la kawaida. Hema hatutaki. Tunataka kulala kwenye mabanda na kujipikia, tuanze na Msitu wa Kakamega, kisha hifadhi ya ufuoni mwa Ziwa Victoria, ikiwezekana kisiwa cha Ndere. Tumefikiria Agosti shule zikifungwa. Tulale upande upi wa msitu? Ndere kuna mabanda? Na vitu gani tusipobeba tutajuta?

Shinyalu_Juu
Kabla ya kulipa chochote, jueni kwamba msitu huu una wasimamizi wawili. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS). Kusini ni Isecheno, chini ya Huduma ya Misitu (KFS). Tiketi ya upande mmoja haikuingizi upande wa pili, na kutoka lango moja hadi lingine mnazunguka kupitia mjini Kakamega. Watu hulipia KWS kwenye eCitizen (tovuti ya malipo ya serikali), ramani ya simu ikawapeleka Isecheno, wakalazimika kulipa mara ya pili. Buyangu mnapita Kakamega mkielekea Webuye, kilomita 20 hivi, kisha mnakata kulia. Isecheno mnakata Khayega, kabla ya kufika Kakamega mkitoka Kisumu, mnapitia Shinyalu.

Kwa kujipikia na watoto, chagueni Buyangu, kwenye mabanda ya Udo. Ni ya makuti, yana vitanda, magodoro na neti, na kando kuna kibanda cha jikoni cha pamoja. Choo ni cha shimo, kuoga ni kwa ndoo. Shuka na blanketi bebeni zenu, moja nzito kwa kila mtu, kwa sababu mko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari na saa kumi alfajiri baridi inauma. Umeme msiutegemee. Rondo, nyumba ya wageni upande wa kusini, ni pazuri sana lakini huko unapikiwa, si mnachotafuta.

Agosti ni msimu wa pili wa mvua hapa. Msitu hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Aprili na Mei ndizo nzito zaidi, Agosti na Septemba zinafuata, na kikavu ni Desemba hadi Februari. Kama mnaweza kungoja Desemba, ngojeni. Kama ni Agosti, ratiba ifuate mvua: asubuhi huwa kweupe, mawingu hukusanyika baada ya saa sita, na kuanzia saa nane hivi inamwagika. Ingieni msituni saa kumi na mbili unusu, mrudi kabla ya saa sita. Watoto wa umri huo wanamudu saa mbili au tatu za kutembea, na ndio wakati mbega na kima wako juu ya matawi wakila.

Siku ya kufika pia, muwe mmeshafika kabla ya saa nane. Barabara ya kuingia ni ya udongo mwekundu. Ikilowa, gari dogo linateleza kuelekea mtaroni hata likienda polepole. Likianza kuserereka, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki. Bebeni jembe dogo na kamba ya kuvutia.

Halafu siafu. Wakati wa mvua huhama kwa msururu usiku na wanaweza kupita ndani ya banda. Msipigane nao wala kuwamwagia mafuta ya taa ndani ya nyumba ya makuti. Toeni watoto nje, mketi garini, waacheni wapite, wakishamaliza hawabaki. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kila mnapotembea. Chakula kifungiwe ndani ya debe lenye kifuniko kinachobana, maana kima wanajua kufungua mlango uliorudishwa tu bila komeo.

Mawimbi_KSM
Ndere haina mabanda. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 4 na ushei, hifadhi ya taifa tangu 1986, na kulala huko ni kwa hema. Kwa hiyo laleni bara, mwende kisiwani mchana.

Njia fupi ni kuvuka kutoka ufuo wa Kaloka, Seme. Kutoka Kisumu kwa boti ni mbali zaidi, na upande huo wa ghuba ndio magugu maji huziba upepo ukiyasukuma. Njia iliyokuwa wazi jana leo imefungwa, na injini ikinyonya mizizi inazimika. Kaloka mfike saa moja asubuhi. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu, asubuhi maji yametulia. Nchi ikipata joto upepo hugeuka, unatoka ziwani, na alasiri mawimbi yanapanda. Kisiwani ondokeni saa tano, msivutiwe na "bado kidogo".

Jaketi za kuokolea zikaguliwe kabla ya mtu kupanda: kila mtoto avae ya saizi yake. Ifunge, kisha mvute juu kwa kuishika mabegani. Ikipanda hadi masikioni, hiyo ni ya mtu mzima, kataa. Kaa mbali na matete, viboko na mamba wapo.

Kwenye kisiwa kuna mbung'o, hasa baada ya mvua. Huvutiwa na nguo za buluu na nyeusi, na huuma kupitia kitambaa chepesi. Vaeni kaki au kijivu kizito.

Kuogelea hapana, hata kama maji yanaonekana safi. Konokono wa kichocho huishi kwenye maji ya kina kifupi penye majani, yaani pale pale watoto wanapenda kuchezea. Hata kupanda boti, wabebeni. Aliyelowa, apimwe choo baada ya wiki 6 hadi 8. Akipimwa mapema mayai huwa bado hayaonekani.

Mkitaka nyumba ndani ya hifadhi yenyewe, angalieni nyumba ya wageni ya Oribi katika hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, Homa Bay. Mnakodi nyumba nzima na kupika wenyewe, na ndiko peke yake nchini mtamwona korongo (yule swala mkubwa, si ndege) akiishi porini. Lakini ni safari nyingine ndefu. Kwa usiku 3 ningekaa Kakamega 2 na Kisumu 1.

Neti_Kwanza
Naongeza moja ambalo watu wa Nakuru hulisahau. Nakuru ni juu, malaria ni chache, miili yenu haijaizoea. Ukanda wa ziwa na Kakamega malaria ipo mwaka mzima. Mwoneni mfamasia au daktari wiki 2 kabla, mtaje umri na uzito wa watoto, kwa sababu doksisaiklini, dawa mojawapo ya kuzuia malaria, haipewi kawaida aliye chini ya miaka 8, na ukiitumia unaendelea wiki 4 baada ya kurudi. Homa yoyote kuanzia siku ya 7 baada ya kuwasili, pimeni siku hiyo hiyo na mwambieni daktari mlikokuwa.

Neti ya banda ikagueni kungali mchana. Mmoja aingie ndani na tochi, mwingine abaki nje akitafuta mwanga unaochomoza. Tundu lishoneni kwa sindano na uzi mliobeba. Ichomekeni chini ya godoro pande zote nne. Mtoto asilale amebanwa na neti, mbu humuuma kupitia matundu pale mkono unapoigusa.

Mkaazi_wa_Bondeni
Asanteni sana, tumesogeza hadi Desemba. Kupika je: makaa au gesi? Na maji tubebe kiasi gani?

Sufuria_Moja
Gesi. Mtungi wa kilo 6 hutoa saa 30 hivi za moto, kwa watu 6 usiku 3 utabaki. Garini usimame wima, umefungwa, dirisha wazi kidogo. Mkishafunga kichomeo juu yake, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya vipovu, mpira wa ndani umekatika, kwa hiyo bebeni mpira wa ziada. Jiko la makaa lisiingizwe bandani hata kwa kuota moto dakika chache. Hewa yake ya sumu inayoua haionekani wala hainuki, na watu hulala wasiamke.

Maji ya kunywa na kupika, hesabuni lita 20 kwa siku kwa nyote 6. Leteni mitungi 2 ya lita 20 imejaa, kisha mjaze pale pale na mchemshe, yatokote dakika 1 kamili. Chupa za plastiki za kutumia mara moja, sahani na vikombe vya kutupa haviruhusiwi katika hifadhi tangu Juni 2020. Askari langoni hukagua. Bebeni chupa za chuma na sahani za bati.

Unga kilo 1 unatosha ugali mmoja wa watu 6 wenye njaa, mchele gramu 700 kwa mlo. Ndengu zichemsheni nyumbani mzikaushe maji, mtaokoa gesi ya saa nzima. Maziwa mabichi yanachacha siku ya pili, nunueni ya pakiti yasiyohitaji friji. Kiberiti kitieni kwenye chupa yenye kifuniko. Unyevu wa msitu unakilainisha kwa usiku mmoja, na kikilainika kichwa kinavunjika kabla hakijawaka.