Benki, acheni kutulaumu: nyie ndio mnaowazoesha wateja kutapeliwa

Wakuu, mteja akiibiwa, jibu la benki ni lile lile: "OTP ulitoa mwenyewe." (OTP ni ile namba ya siri ya kutumika mara moja ambayo benki inakutumia.) Faili linafungwa. Wakati huo huo kitengo chao cha mauzo kinampigia mteja mwingine kwa namba asiyoijua, kinamtaka ataje tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho "kwa usalama wako", halafu kinamtumia meseji yenye linki iliyofupishwa akajaze fomu ya mkopo. Huyo mteja atamtofautishaje tapeli na mfanyakazi halali? Wote wamepiga bila kuitwa, wote wanahoji, wote wana haraka. Mwaka mzima mnamzoesha kujibu maswali ya mtu asiyemjua, siku akijibu tapeli mnamwita mzembe.

Na ushauri wenyewe mnaoutoa umepitwa na wakati. "Angalia namba iliyopiga." Niangalie nini? Namba inayotokea kwenye skrini ni taarifa inayopelekwa na mtandao simu ilikoanzia. Anayepiga kupitia intaneti anaweza kubandika namba yoyote, ikiwemo ya huduma kwa wateja ya benki yako, kama mitandao inayoipitisha haihakiki. Marekani ililazimisha kampuni kubwa za simu kusaini na kuhakiki namba hizo kwa mfumo wa STIR/SHAKEN kufikia Juni 30, 2021, na bado simu ikipitia mitambo ya zamani isiyo ya IP (isiyotumia teknolojia ya intaneti) ile saini inapotea njiani. Kwa hiyo namba ngeni haithibitishi kuwa ni tapeli, na namba ya benki haithibitishi kuwa ni benki.

Meseji ndiyo balaa zaidi. Jina la mtumaji, yale maandishi yasiyozidi herufi 11, linaandikwa na anayetuma kupitia huduma za meseji za jumla. Pasipo na daftari la majina yaliyosajiliwa, mtu yeyote anaandika jina la benki na linapita. Simu yako nayo inapanga meseji kwa kufuata jina tu, kwa hiyo ya uongo inatua chini kabisa ya meseji halali za salio lako. Unaona historia ya kweli juu, unaamini kilichoingia sasa hivi. Singapore walilipa gharama ya jambo hili mwishoni mwa 2021: wateja wapatao 790 wa benki ya OCBC walipoteza dola za Singapore milioni 13.7 kwa meseji za aina hiyo. Mtu akikwambia "mbona ilikuja kwa jina la benki", usimcheke.

Kuna pia vifaa vinavyobebwa hata kwenye gari, vinavyojifanya mnara wa simu. Vinazivuta simu za karibu zishuke hadi 2G, mtandao wa kizazi cha zamani, ambako simu inajitambulisha kwa mnara lakini mnara haujithibitishi kwa simu, kisha vinamwaga meseji moja kwa moja. Meseji hizo hazikupita kwa kampuni ya simu kabisa, ndiyo maana vichujio vyao havizioni. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12 zina swichi ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Kama unakoishi mtandao wa 4G unashika vizuri, izime.

Sasa kile kinachowaangusha hata wasomi: "Lakini anajua majina yangu yote na namba ya kadi!" Tulieni tuhesabu. Kadi nyingi zina tarakimu 16. Sita au nane za mwanzo zinatambulisha benki iliyoitoa, kwa hiyo unachangia na maelfu ya wateja wengine. Nne za mwisho zinachapwa kwenye risiti na kuonyeshwa kwenye tovuti ulikonunulia vitu. Tapeli anakusomea hizo kwa sauti ya kiofisi, halafu anakwambia "sasa malizia zilizobaki ili nihakikishe naongea na mwenye kadi". Zilizobaki ndizo alizokosa. Majina, barua pepe na namba ya simu vinapatikana kwenye orodha zinazovuja na kuuzwa kila siku. Anachokijua kukuhusu hakimthibitishi yeye.

OTP nayo ielezwe ilivyo, maana watu wanaambiwa "usimpe mtu" bila kuambiwa sababu. Ile OTP inayoingia ukiwa unaongea naye ni halali, imetumwa na benki kweli. Imekuja kwa sababu muda huo huo yeye amebonyeza "nimesahau nywila", au ananunua kitu kwa kadi yako, au anasajili programu ya benki kwenye simu yake. Atakwambia ni ya "kughairi muamala wa wizi". Uongo. OTP huruhusu kitu kifanyike, na muamala unaosubiri OTP unakufa wenyewe usipoiingiza, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Huna cha kughairi. Na hiki kinawahusu watumiaji wa programu pia: dirisha likijitokeza lenye neno "Idhinisha" wakati hujaanzisha muamala wowote, kulibonyeza ni sawa na kumtajia OTP.

Hapa nina hasira na benki tena. Mnatuma "OTP yako ni" ikifuatiwa na tarakimu sita, basi! Ya nini? Ya kiasi gani? Inakwenda kwa nani? Ulaya, tangu Septemba 14, 2019, kanuni za malipo ya mtandaoni zinataka msimbo ufungamane na kiasi na mpokeaji wa muamala husika, na mlipaji aonyeshwe vyote viwili. Meseji inayosema "namba hii inasajili simu mpya kwenye akaunti yako" ingemshtua mtu palepale, hata tapeli akiwa sikioni mwake. Kuandika sentensi hiyo hakuhitaji teknolojia mpya.

Mbinu nyingine zinazojirudia, ili mtu akizisikia azijue. "Hamishia fedha kwenye akaunti salama": hakuna akaunti ya namna hiyo duniani, benki ikihisi wizi inafunga akaunti yako yenyewe bila kukuomba usukume fedha popote. "Tumekutumia fedha kimakosa, rudisha": usiangalie meseji, angalia salio kwa kufungua programu ya benki au menyu yako mwenyewe, na kama kweli zimeingia mwache anayedai apitie benki yake, kwani ukizituma wewe kwenda namba nyingine huo ni muamala mpya kabisa na ule wa kwanza bado unaweza kurudishwa. "Bonyeza *21* halafu namba hii": hapo unaelekeza simu zako zote kwake, ili benki ikipiga kuthibitisha apokee yeye. Kwenye mitandao ya GSM piga *#21# kuona kama simu zako zimeelekezwa kwingine, ##21# kuondoa, na ##002# kufuta maelekezo ya kila aina.

Halafu kuna "pakua programu hii nikusaidie". AnyDesk na TeamViewer ni programu halali za kusaidiana kwa mbali, na ndiyo sababu simu haizioni kama virusi. Ukimpa namba ya kuunganisha, skrini yako ni yake. Mbaya kuliko hizo ni faili la programu linalotumwa kwa linki, nje ya duka rasmi, likiomba ruhusa ya kusoma meseji na ile ya ufikivu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kwa ruhusa hiyo linasoma skrini na kubonyeza vitufe badala yako, usiku ukiwa umelala.

Kuhusu linki, acheni kuambiana "angalia kufuli". Kufuli linamaanisha mawasiliano yamefichwa kati yako na tovuti hiyo, hata kama tovuti ni ya mwizi. Cheti chake kinapatikana bure. Soma hivi: anza baada ya https:// hadi kwenye mkwaju (/) wa kwanza, kisha rudi nyuma ukitokea kulia. Vipande viwili vya mwisho ndivyo mwenye mali (vitatu kama mwisho ni wa aina ya co.uk). Anwani benkiyako.com.hakiki.example/ingia ni mali ya hakiki.example; hilo jina la benki mbele ni urembo tu. Ila kuna herufi za alfabeti nyingine zinazofanana kabisa na zetu, kwa hiyo hata jicho kali linadanganywa. Linki ya benki isibonyezwe kabisa. Fungua programu mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo kinachobaki ni kimoja: nani ameanzisha mawasiliano? Kama ni wao, kata. Usimhoji, usimwombe namba ya utumishi, atakutajia, na "msimamizi" wake atakuja hewani na muziki wa kusubiri juu. Kata, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi yako au ndani ya programu ya benki. Usitumie namba aliyokupa yeye, wala ile ya tangazo la juu kabisa unapotafuta mtandaoni, maana nafasi hizo zinanunuliwa. Ukiwa kwenye simu ya mezani tumia simu nyingine, kwa sababu kwenye baadhi ya mitandao laini inaweza kubaki wazi kama aliyepiga hajakata, na ukapiga tena ukampata yeye yule. Mfanyakazi halali hatachukia kukatiwa. Anayekwambia "ukikata fedha zitapotea" amejitaja.

Kama umeshatoa taarifa, mpangilio ni huu, na kasi ndiyo kila kitu. Kama uliweka programu, zima data na Wi-Fi kwanza. Kwa simu nyingine au kifaa kingine piga benki, sema maneno haya: "Nataka kadi na huduma za mtandaoni zifungwe, na muamala huu urudishwe." Wape kiasi, saa, na akaunti iliyopokea, kisha dai namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike pamoja na saa. Waambie pia waiarifu benki iliyopokea, kwa sababu fedha zikiwa bado kwenye akaunti ile zinaweza kuzuiwa, zikishatolewa taslimu au kugawanywa kwenye akaunti tano nyingine mambo yanakuwa mazito. Badilisha nywila ya barua pepe kabla ya zile nyingine, maana kupitia hiyo anazibadilisha zote, na ondoa vifaa vyote vilivyosajiliwa usivyovitambua. Laini ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, nenda kwa kampuni ya simu palepale, huenda imesajiliwa upya kwenye kadi nyingine. Programu ikigoma kufutika, washa simu kwa hali salama (safe mode), iondolee ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa kifaa, ndipo uifute. Ikishindikana rejesha simu kama ilivyotoka kiwandani. Usifute meseji wala orodha ya simu, hivyo ni ushahidi wa polisi. Na wiki chache baadaye akipiga "wakili" anayeweza kurudisha fedha zako kwa ada ndogo, ni genge lile lile au lililouziwa jina lako.

Sasa nyie benki msituambie haiwezekani. Baada ya ule wizi wa OCBC, Januari 2022 Singapore iliagiza benki ziondoe linki kwenye meseji na barua pepe kwa wateja wa kawaida, na tokeni mpya ya kidijitali (ile ya kuidhinishia miamala kwenye simu) isubiri angalau saa 12 kabla ya kuanza kazi. Mwaka uliofuata wakalazimisha majina ya watumaji yasajiliwe, yasiyosajiliwa yanatokea na onyo kuwa huenda ni utapeli. Uingereza mtu anapiga 159 na kuunganishwa na benki yake halisi. Benki ya Monzo ya huko huko, tangu 2023, inaonyesha ndani ya programu yake kama kweli inakupigia dakika hiyo. Na tangu Oktoba 7, 2024 mteja wa Uingereza aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe anarudishiwa hadi pauni 85,000, isipokuwa kwa masharti machache, na mzigo unagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea.

Hiyo nusu ya benki iliyopokea ndiyo ninayotaka tuijadili. Fedha nyingi zinazoibiwa hutua kwenye akaunti iliyofunguliwa na benki fulani, kwa kitambulisho ambacho benki hiyo ilisema imekihakiki. Akaunti ilikaa kimya miezi, siku moja ikapokea kutoka kwa watu wanane wasiohusiana na ikamwagwa ndani ya saa moja. Mfumo gani wa kufuatilia miamala unalipita hilo bila kulia? Mbona katika majibu yenu kwa walioibiwa akaunti hiyo haitajwi kabisa, anatajwa mteja na OTP yake tu? Mwenye kazi kwenye kitengo cha udhibiti wa wizi benki na anayejua inachukua muda gani kuifunga akaunti ya namna hiyo baada ya kuripotiwa, aweke hapa chini. Na wa mauzo naye ajibu: mtaacha lini kutuma linki?